Kwa nini nyanya ya kinyungu ya kiangazi haina mpinzani? Ilula, Kalenga, Uyole njooni hapa

#1 mjukuu_wa_kalenga

Wakuu habari za jioni.

Nimetoka Iringa juzi, nilikaa kwa bibi Kalenga wiki mbili, sasa nimerudi Dar na kuna kitu kinanisumbua kweli. Bibi ana kinyungu chake, yaani shamba la matuta bondeni, kule chini karibu na mto Ruaha Mdogo, matuta sita ya nyanya, mengine maharage na mboga ya maboga. Kila siku kama saa nane mchana nilikuwa nashuka bondeni na chumvi nimeikunja kwenye karatasi ya daftari, nachuma nyanya iliyoiva mpaka imekaribia kupasuka, bado ina joto la jua, naiuma hapo hapo nimesimama kwenye tuta, maji yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Nne tano zinaisha sijashtuka. Jioni bibi anazikatia kwenye mboga hata mafuta hajaweka mengi na sufuria linaliwa mpaka linang'aa.

Nimefika Kimara nimenunua fungu la buku. Nyekundu, ngumu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nimekata kachumbari, hamna kitu. Maji yenye ngozi. Nimeongeza chumvi, limao, pilipili, nikawa nakula chumvi, limao na pilipili.

Swali langu, tofauti iko wapi hasa? Mbegu, udongo, maji, mbolea au zinachumwa mbichi? Wakulima na wafanyabiashara wenyewe nawaomba mfunguke.

#2 fundi_solo

Kamwene. Mbegu.

Nalima Ilula, ekari moja na nusu, huu mwaka wa saba. Baba alikuwa analima Cal J na Tanya, ukiiva ukachelewa siku mbili imelainika hiyo, tenga la chini linatoa maji. Sisi tunaweka haibridi (mbegu chotara) za ngozi ngumu, ukiidondosha chini inadunda inakurudia. Na ninakwambia kwa nini, dalali akija shambani anaiminya kwa kidole gumba, anaangalia ukubwa, anaangalia kama zinalingana, basi. Miaka saba sijaona dalali hata mmoja anaonja nyanya. Sasa mimi nilime utamu nimuuzie nani?

#3 Njombe_Baridi

Siti ya mbele. Naagiza na viazi vya kuchemsha kabisa.

#4 mama_tenga

Mwanangu wa Kalenga, mimi nauza nyanya Iringa mjini kabla hujazaliwa labda. Kijana wa #2 anasema mbegu, sikatai, ila mbegu hiyo hiyo moja nikiletewa imeiva mtini nakula mwenyewe dukani na chapati, na nikiletewa ile imeanza kuwekundu kitakoni tu, ikaivia kwenye tenga, naiuza kwa mboga, kuila mbichi sithubutu. Zinazopanda gari la Dar zote ni hizo za pili. Zilizoiva sawasawa hazisafiri, zinabaki hapa hapa, wenye bahati ni sisi na watoto wetu. Wewe huko Kimara unakula nyanya iliyoivia njiani, mlima Kitonga.

#5 dereva_wa_fuso

mama_tenga alisema:
> Wewe huko Kimara unakula nyanya iliyoivia njiani, mlima Kitonga

Shikamoo mama, umesema kweli tupu. Mimi ndio mbebaji. Napakia Ilula jioni, nateremka Kitonga usiku, alfajiri naingia Dar. Tenga zimepangwa mpaka juu, turubai limefunikwa, mle ndani kuna joto kama tanuri, ukifunua asubuhi harufu inakupiga usoni. Nilishapakia siku moja nyanya zilizoiva, mwenye mali alibisha akasema ana mteja wa haraka, tumefika chini kote kumekuwa rojo, amelia yule baba. Tangu siku hiyo nikiona nyekundu sana namwambia mwenye mzigo hii uza hapa hapa mzee.

Ila nami niulize, mbona zile ninazojinunulia pale barabarani Ilula kwa akina mama, kwenye vindoo, ni tamu na ni za mashamba yale yale?

#6 bwanashamba_mstaafu

Nimefanya kazi ya ugani nyanda za juu kusini zaidi ya miaka ishirini, naomba niweke sawa kidogo.

Nyanya ni tunda linaloendelea kuiva baada ya kuchumwa. Likishafikia ukubwa wake linatoa gesi inaitwa ethilini, hiyo ndiyo inabadilisha rangi na kulainisha. Ndio maana ukizichanganya na ndizi mbivu kwenye mfuko zinaiva haraka, ndizi nayo inatoa gesi hiyo hiyo. Kwa hiyo rangi utaipata hata kama imeiva kwenye gari. Utamu ni habari nyingine. Sukari inatengenezwa kwenye majani, inaingia kwenye tunda kupitia kikonyo. Ukikata kikonyo umefunga bomba. Kilichokuwemo ndicho hicho hicho, hakuna kingine kitaingia. Nyanya iliyochumwa siku saba kabla imekosa siku saba za kulishwa.

Na ile rangi nyekundu ni likopini, haipendi joto kali. Likizidi nyuzi 30 na kuendelea nyanya inaiva ya njano njano au chungwa, haifikii wekundu. Hii watu wa Ruaha Mbuyuni wanaijua vizuri kuliko sisi wa juu.

Kwa hiyo #2 na #4 wote wana hoja, lakini nikilazimishwa kuchagua nampa mama_tenga.

#7 Mwaisa_wa_Soweto

Ugonile wakuu. Mimi nipo soko la Soweto hapa Mbeya na nawakatalia wote. MAJI.

Nyanya ya mwezi wa pili na ya mwezi wa kumi, mkulima yule yule, mbegu ile ile, imechumwa ikiwa nyekundu vile vile. Ya masika imejaa maji, kubwa, imepasuka pasuka kwenye bega, ukiila ni kama umekunywa maji ya kisima. Ya kiangazi ndogo, nzito, ukiipasua ina nyama na zile mbegu zimekaa kwenye ute mzito. Mteja wangu mmoja mama ntilie, mwezi wa pili anatumia sado nzima kupata rosti ya sufuria moja, mwezi wa kumi nusu sado inatosha. Hiyo haihitaji bwana shamba ni hesabu ya jikoni.

Ndio maana mleta mada kaenda kiangazi kakuta utamu. Angeenda masika asingefungua uzi.

#8 mjukuu_wa_kalenga

Mwaisa mbona bibi masika halimi nyanya kabisa, anasema "zinaungua". Nilidhani ni jua kumbe sijui ni nini.

#9 bwanashamba_mstaafu

Anachoita kuungua ni bakajani. Mvua, ukungu, ubaridi, vikikaa pamoja siku tatu nne shamba zima linakuwa jeusi kama limemwagiwa maji ya moto. Ugonjwa huo huo ndio unaomaliza viazi Njombe. Bibi yako ana busara. Anayelima nyanya masika huku kwetu anapiga dawa ya ukungu kila wiki, na mvua ikizidi mara mbili kwa wiki. Mwaisa kuhusu maji nakubaliana nawe, tunda linalopata maji kidogo kidogo linakuwa dogo lakini utamu na uchachu vinakolea.

#10 Njombe_Baridi

Mnasahau usiku. Mchana jua kali la kiangazi, usiku baridi. Jua linatengeneza sukari, baridi ya usiku inazuia mmea usiile yote. Ndio maana hata karoti za huku, hata kabichi, ukizilinganisha na za Pwani ni kama vitu viwili tofauti. Kalenga usiku unavaa sweta, Kimara unalala na feni.

#11 Mwaisa_wa_Soweto

Njombe mwezi wa saba nyasi zina barafu asubuhi, nyanya zenu ziko wapi sasa? Tuonyeshe picha ya hata moja.

#12 Njombe_Baridi

Nimesema baridi sijasema barafu. Tunasubiri mpaka mwezi wa tisa ndipo tunapanda, soma vizuri Mwaisa.

#13 mdau_ughaibuni

Nasoma nikiwa Minnesota, Marekani, kwetu Tanangozi. Mmenirudisha nyumbani kabisa.

Huku shida ya mleta mada wanayo miaka yote. Nyanya za dukani mwezi wa kwanza zinatoka mbali sana, nyekundu ya kupauka, ukikata ndani ina ukuta mweupe mgumu, hamna harufu. Halafu inafika mwezi wa nane, kiangazi chao, wakulima wanaleta mazao Jumamosi asubuhi kwenye soko la wazi, wanapanga kwenye meza. Watu wanapanga foleni kwa ajili ya nyanya! Zile mbegu za zamani ambazo familia zimetunza, kuna moja inaitwa Brandywine, kubwa ya pinki imekunjamana vibaya, kuna Cherokee Purple rangi kama zambarau. Sura mbovu, zimepasuka, bei mara tatu ya dukani, na saa nne zimeisha. Wanakata vipande vinene wanaweka kwenye mkate na chumvi, na kumaliza hapo. Nilipoonja mara ya kwanza nilisimama nikakumbuka chumvi ya kwenye karatasi, sikutegemea kabisa.

Ila mwezi wa kumi baridi inaua miche yote usiku mmoja. Wanapata miezi miwili tu. Nyie mna miezi mingapi? Msichezee hiyo bahati.

Kwa hiyo kura yangu ni mbegu, nipo na fundi_solo.

#14 jikoni_kwetu

Samahani naingilia. Hakuna aliyeuliza swali la muhimu. Mleta mada, hizo za Kimara uliziweka kwenye friji?

Maana nyanya ikikaa chini ya nyuzi 12 hivi ile harufu yake inakufa, na harufu ndio nusu ya ladha. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitoa utafiti mwaka 2016, walionyesha baridi inazima vinasaba vinavyotengeneza hiyo harufu, na hata ukiitoa friji ikae siku nzima mezani harufu hairudi yote. Sukari inabaki, uchachu unabaki, lakini inakuwa imepooza. Nilikuwa naweka kila wiki, nimeacha, sasa nazipanga kwenye ungo juu ya kabati, kikonyo kikiangalia chini.

#15 mjukuu_wa_kalenga

Niliziweka usiku mmoja 😳 lakini kachumbari ya kwanza nilikata kabla ya friji na ilikuwa mbovu vile vile.

#16 binti_uyole

jikoni_kwetu unatuambia nini sisi wa Uyole? Mwezi wa saba jikoni kwangu asubuhi kuna baridi kuliko friji ya mtu wa Dar, mafuta ya nazi yanakuwa jiwe. Nyanya zangu zinakaa kwenye ungo hapo hapo na bado zinazidi za Dar kwa mbali. Kwa hoja yako tungekuwa tunakula mbao.

#17 jikoni_kwetu

Binti, kwani umeshazilinganisha na zako mwenyewe za mwezi wa kumi? Linganisha kwanza ndio uje.

#18 binti_uyole

... Za mwezi wa kumi ni tamu zaidi. Haya. Lakini mwezi wa kumi kuna jua pia! Mwaisa atasema maji, Njombe atasema usiku, wote mnajichukulia mwezi wa kumi huo huo mmoja.

#19 mwl_biolojia

Binti_uyole umetoa hoja bora kuliko wote. Kiangazi kinabadilisha vitu vitano kwa wakati mmoja, kila mtu anashika chake.

Niongeze cha sita. Nyanya za zamani zikiwa mbichi zina bega la kijani iliyokoza, huku juu karibu na kikonyo, mnazikumbuka? Zikiiva bega linabaki na kijani au njano kidogo. Soko halikupenda, likataka nyanya ya rangi moja kote, watengeneza mbegu wakachagua hizo kwa miongo mingi. Mwaka 2012 jarida la Science lilitoa utafiti kuonyesha kwamba walipochagua rangi moja walichagua bila kujua kinasaba kilichoharibika, ambacho kazi yake ni kujenga chembe za kijani kwenye tunda lenyewe. Chembe zile zinatengeneza sukari. Kwa hiyo kila bega la kijani lililopotea limeondoka na utamu wake. Bibi wa Kalenga nyanya zake zina bega la kijani?

#20 mjukuu_wa_kalenga

NDIYO. Zina bega la kijani kabisa na zimejikunja kama boga dogo. Mbegu anatoa mwenyewe, hajanunua miaka.

#21 bwanashamba_mstaafu

Mwalimu hoja nzuri ila usiizidishe. Utafiti huo naufahamu. Lakini sehemu kubwa ya sukari ya nyanya, karibu asilimia 80 au zaidi, inatoka kwenye majani, tunda lenyewe linachangia kidogo. Kwa hiyo mkulima ambaye majani yake yameliwa na kidudu kantangaze au yameungua kwa bakajani, hata awe na bega la kijani kibichi kama mgomba, nyanya yake itakuwa chapwa. Ukitaka kujua utamu wa nyanya usiangalie tunda, angalia majani ya mche wake.

#22 mdau_wa_kabwe

Hivi Tanya ya #2 si nayo haibridi? Watu wanaiita ya kienyeji.

#23 bwanashamba_mstaafu

Hapana. Tanya ni mbegu ya kawaida, unaweza kutunza mbegu yake ukapanda tena ikatoka ile ile. Tengeru 97 pia, hiyo ilitolewa Tengeru kule Arusha. Na wala si za kienyeji kwa maana ya asili yetu, nyanya zote zimetoka Amerika, huko Andes na Meksiko. Bibi zetu walizipokea wakazifanya zao.

#24 fundi_solo

Nimesoma yote nimevumilia. Sasa niseme na mimi maana naona mkulima anageuzwa mtu anayewauzia maji kwa makusudi.

Kantangaze aliingia nchi hii 2014. Mnaojua mnajua. Kidudu kidogo kama mchele, kinaingia ndani ya jani katikati ya ngozi mbili, kinatafuna, kinaingia kwenye tunda pale penye kikonyo. Unapiga dawa leo, wiki ijayo haimsikii, unabadilisha, unapiga tena. Nimeweka mitego ya beseni la maji ya sabuni na ile dawa ya harufu inayovuta madume, imesaidia, haijamaliza. Kuna msimu nimebeba solo, bomba la kupigia dawa, mgongoni lita 16 mara tisa kwa shamba lile lile. Mgongo huu.

Halafu bei. Mwaka juzi wote tulivuna wiki moja, tenga likashuka mpaka elfu sita na tenga lenyewe tupu nimenunua kwa hela, wachumaji nawalipa, mtu wa kubeba mpaka barabarani namlipa. Nilipiga hesabu nikaona nikichuma napata hasara zaidi kuliko nikiacha. Nikaacha. Ekari nzima nyekundu, nyanya zinaanguka zenyewe, harufu mpaka nyumbani, mke wangu alikuwa anazunguka njia nyingine asizione. Na zilikuwa tamu wakuu, zilikuwa tamu kweli maana ziliivia mtini zote, jirani walichota ndoo kwa ndoo bure.

Mwaka huu nimepanda ile ngumu inayodunda inayokaa wiki mbili sokoni haijalegea. Nikipata bei mbaya leo nasubiri kesho kutwa. Zile za ngozi ngumu zinaiva polepole kwa asili yake, ndio maana hazinukii. Najua hazina utamu. Nyumbani sili hizo.

#25 mama_tenga

Pole sana mwanangu. Mwaka ule naukumbuka, nilikuwa nagawa masalo, zile zilizolegea, bure na hakuna wa kuchukua.

Swali kwako, kwa nini usile? Ni utamu tu au ni dawa?

#26 fundi_solo

Ni utamu mama. Dawa nazingatia siku za kusubiri kama karatasi inavyosema, ikiandikwa siku saba ni saba. Ule unga mweupe mnaouona kwenye ngozi mara nyingi ni dawa ya ukungu, unaosheka, sugueni kwa maji mengi kabla hamjakata kachumbari. Sitasema wote wanasubiri, nitakuwa muongo. Bei ikipanda ghafla kuna wanaochuma kesho yake.

#27 Kyela_kwa_ziwa

Tushushe joto. Nyie mnabishana, mimi natoa matumizi. Nyanya za kiangazi tatu zilizoiva, zikate vipande vikubwa usizisage sage, parachichi moja la Tukuyu lililoiva, kitunguu maji kiduchu ukioshe na chumvi kwanza, pilipili mbuzi nusu, ndimu. Usichanganye kwa nguvu. Kula na ugali wa moto na usipa wa kukaanga wakavu. Maji yanayobaki chini ya bakuli usimwage, chovya ugali. Hayo maji ndiyo yenyewe.

#28 Njombe_Baridi

Kumbe Mnyakyusa anaweza kula bila ndizi.

#29 Kyela_kwa_ziwa

Ndizi inafuata baadae, tulia. Ndaga fijo kwa kuuliza.

#30 binti_uyole

#27 kuweka pilipili kwenye nyanya tamu ni dhambi. Mimi ni chumvi tu. Mama yangu anaweka na sukari kidogo, tumeshagombana sana.

#31 dereva_wa_fuso

Mama yako anaficha nyanya mbovu kwa sukari 😂 tena hajanijibu swali langu la #5 mtu yeyote.

#32 mama_tenga

Nakujibu mimi. Wale akina mama wa barabarani Ilula wanachukua zilizokataliwa. Wachumaji wakipita wanaacha zilizoiva sana, na ndogo ndogo, na zilizojikunja. Hizo ndizo zinaingia kwenye vindoo. Dalali amewachagulia nyie wa basi nyanya nzuri kwa kuzikataa.

#33 dereva_wa_fuso

Dah. Miaka yote hii nabeba pembe naacha nyama.

#34 mzee_wa_matuta

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nimelima vinyungu tangu mwaka 1974 na nasikitika hakuna aliyetaja tuta lenyewe.

Kinyungu siyo bustani. Mwezi wa sita saba bonde likianza kukauka unafyeka majani, unayalaza, unayafukia kwa udongo unaofumuliwa pembeni, unapata tuta refu na mfereji katikati. Majani yanaoza mle chini polepole mpaka mwezi wa kumi, mche unakula hapo. Unyevu unapanda wenyewe kutoka chini, humwagilii kabisa au unamwagilia kidogo mche ukiwa mchanga. Kwa hiyo mizizi inashuka kuufuata unyevu. Yule wa pampu anamwaga maji juu kila siku na kurusha yuria, mizizi imekaa juu imelewa. Mmea mlevi utatoa tunda la namna gani? Mbegu hata uchukue ya dukani ukiiweka kwenye kinyungu itabadilika.

#35 mdau_wa_kabwe

Mzee nakuheshimu, lakini sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Vinyungu vingi viko humo humo. Ruaha ikikauka tutalaumiana.

#36 mzee_wa_matuta

Najua mwanangu, tumeshaambiwa na wengine wamehamishwa. Aliyekaa na bonde miaka hamsini analilinda, mimi sikati miti ya maji na chemchemi sigusi. Lakini sitabishana na sheria. Nimerudi nyuma, kinyungu changu cha sasa ni kidogo, kiko juu kidogo, na nyanya zimepungua utamu. Hilo nakiri.

#37 Mwaisa_wa_Soweto

Mzee umeniunga mkono, maji! Humwagilii.

#38 mwl_biolojia

Ameunga mkono udongo, Mwaisa. Acha kudandia.

#39 mjukuu_wa_kalenga

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Nimefanya kitu. Wikiendi hii nilipanda basi nikarudi Kalenga (ndiyo, kwa ajili ya nyanya, na bibi alifurahi). Wiki iliyotangulia nilimpigia bibi nikamuomba achume nyanya nne zilizoanza kuwekundu kitakoni, aziweke ndani kabatini, na kwenye miche ile ile aache nyingine nne ziivie mtini. Nimefika Jumamosi zote nyekundu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, nilizichora alama kwa kalamu.

Tumekaa watu watano nikawafunga kitambaa. Watatu walichagua ya mtini. Mjomba alichagua ya kabatini, akasema ina uchachu anaoupenda kwa ugali. Bibi alizila zote mbili, akasema zote nzuri, ya mtini imezidi "kwa kidole kimoja". Halafu nikatoa zile za Kimara nilizobeba kwenye mfuko. Bibi aliuma mara moja, akaitoa mdomoni kwa heshima, akaniuliza kama huko Dar tunaumwa.

Kwa hiyo kuchuma mapema kuna tofauti lakini ni ya kidole kimoja. Hiyo kubwa iliyobaki ni kitu kingine.

#40 fundi_solo

Mbegu. Nilisema #2.

#41 bwanashamba_mstaafu

Umefanya kazi nzuri kuliko wasomi wengi, ila angalia kasoro. Za kabatini zilikaa Kalenga kwenye ubaridi mzuri, hazikulala ndani ya turubai kwenye joto la tanuri alilosema dereva, hazikubanwa. Safari yenyewe hujaipima. Na hizo za Kimara zimetoka shamba gani, mbegu gani, hujui. Ungechukua mbegu ya bibi ukaipanda Kimara, na ya fundi_solo ukaipanda kwenye tuta la bibi, hapo tungeongea.

#42 Njombe_Baridi

Na usiku je? Kimara hakuna usiku wa baridi. Naomba iandikwe.

#43 mjukuu_wa_kalenga

Nitafanya. Bibi kanipa mbegu. Nina ndoo nne za rangi nyuma ya nyumba nitajaza udongo. fundi_solo nikikutumia kijiko kimoja cha mbegu kwa dereva wa fuso utampandia bibi... yaani utanipandia mstari mmoja shambani kwako?

#44 fundi_solo

Lete. Nitaweka mstari wa mwisho karibu na nyumba, dalali asiione. Ila zikianza kuiva sikuahidi kama zitakusubiri, nina watoto watatu.

#45 dereva_wa_fuso

Nipo Mbezi mpaka Alhamisi, naondoka na mzigo kurudi juu. Mbegu nipe kwenye karatasi siyo nailoni.

#46 mama_tenga

Mwanangu kabla hujampa, umezitoaje? Usizikaushe na ute wake. Zikamue kwenye glasi na maji yake, ziache siku mbili tatu zichachuke mpaka juu pafanye utando, ndipo uoshe, zinazoelea mwaga, zilizozama anika kivulini kwenye karatasi. Juani usithubutu.

#47 mjukuu_wa_kalenga

Asante mama. Zipo kwenye glasi tangu jana, dirishani, zimeanza kutoa povu. Nyumba nzima inanuka kinyungu.